Unga kichwani mwa mtoto: kabla ya kuongeza mafuta

Bibi akishuka kutoka Mamba, Vudee au Chome kuja Same mjini kumwona mjukuu, huwa haji mikono mitupu. Huja na ndizi, maharage, na tangawizi ya kutia kwenye chai ya mzazi. Baada ya shikamoo na marahaba, mzigo huwekwa pembeni, mtoto hupokelewa, na jambo la kwanza ni kumvua kofia ya sufi ili atazamwe vizuri.

Hapo ndipo mkwe huinamisha macho. Utosini mwa mtoto pametanda magamba ya njano, yameshikana kama ukoko wa uji uliokaukia sufuriani.

"Mwanangu, huyu mtoto kichwa kimekauka. Mpake mafuta."

"Nampaka, mama. Asubuhi na jioni."

"Basi ongeza."

Mazungumzo ya namna hii husikika katika nyumba nyingi, milimani na tambarare. Mafuta huongezwa, magamba nayo huongezeka. Wiki ya pili mama hujaribu mafuta mengine, ya tatu hununua krimu aliyoelekezwa na jirani. Mwisho hubaki na mtoto mwenye kichwa chekundu na moyo wenye hisia kwamba ameshindwa kumtunza.

Hakuna aliyekosea kwa nia mbaya. Wote wawili wameona magamba, wakadhani ni ukavu. Lakini magamba ya aina hii hutokea mahali penye mafuta mengi kuliko sehemu nyingine nyingi za mwili, na chanzo chake kimojawapo ni kiumbe mdogo anayeishi kwa kula mafuta hayohayo.

Kujua hilo kunamwokoa mzazi pesa, kunamwokoa mtoto na dawa kali asizozihitaji, na wakati mwingine kunaokoa nywele zake zisipotee moja kwa moja.

Kikulacho ki nguoni mwako

Katika ngozi ya karibu kila binadamu wanaishi fangasi wadogo sana wa jamii moja na hamira. Hawaonekani kwa macho. Hawatokani na uchafu wala hawakuletwa na mgeni. Mtoto huanza kuwa nao muda mfupi baada ya kuzaliwa, kwa kubebwa na kunyonyeshwa, na hukaa nao hadi uzeeni.

Wanaitwa malasezia, kwa jina la daktari Mfaransa, Louis-Charles Malassez, ambaye mwaka 1874 aliwaeleza baada ya kuchunguza kwa hadubini magamba ya watu wenye mba.

Fangasi hawa wana udhaifu mmoja mkubwa: hawawezi kujitengenezea mafuta wanayohitaji. Mwaka 2007 wanasayansi walipochapisha ramani ya vinasaba vya mmoja wao, walikuta hana kabisa kinasaba cha kazi hiyo. Ni lazima ale mafuta ya mwenye ngozi. Ndiyo maana maabara zinazotaka kuwaotesha huwawekea mafuta, mara nyingi ya zeituni, kwenye chakula chao.

Kwa hiyo hukaa panapozalishwa mafuta kwa wingi: kichwani, kwenye nyusi, pembeni mwa pua, nyuma ya masikio, kifuani na mgongoni.

Katika kula, huyameng'enya mafuta ya ngozi na kuacha mabaki. Moja ya mabaki hayo ni asidi ya oleiki. Kwa watu wengi haina neno. Kwa wengine hupenya kwenye tabaka la juu la ngozi, huliwasha, na ngozi hujibu kwa kuharakisha kujibadilisha.

Kwa kawaida chembe za ngozi huchukua takribani mwezi mmoja kutoka chini hadi juu, kisha hudondoka mojamoja bila mtu kuona. Ngozi iliyokasirishwa hufanya kazi hiyo haraka haraka. Chembe hufika juu hazijakomaa, zikiwa zimeshikana, na hudondoka kwa mafungu. Hayo mafungu ndiyo unga mweupe unaoonekana kwenye kola ya shati.

Mwaka 2005 watafiti walieleza walivyopaka asidi hiyo kwenye vichwa vya watu wa makundi mawili. Wenye mwelekeo wa mba walipukutika. Wasio na mwelekeo huo hawakupata kitu. Fangasi ni walewale kwa wote, ila ngozi hazifanani.

Hapa ndipo lilipo jibu la swali la wazazi wengi: kwa nini watoto wawili wa tumbo moja, wanaooga maji mamoja kwa sabuni moja, mmoja ana mba na mwingine hana.

Saa ya mafuta

Mzazi anayetaka kujua kama magamba ya mtoto wake yanahusiana na fangasi hawa, aanze na umri. Tezi za mafuta kichwani zina saa yake.

Mtoto mchanga huzaliwa zikiwa zinafanya kazi sana, kwa sababu ya homoni alizotoka nazo tumboni mwa mama. Baada ya miezi kadhaa homoni hizo huisha na tezi hulala. Zinalala hivyo utoto wote, mpaka balehe inapogonga hodi. Hapo huamka tena, na kwa vijana wengi huamka kwa fujo.

Magamba ya malasezia hufuata saa hiyo. Huja kwa wachanga, hupotea kabla au karibu na mwaka mmoja, kisha hurudi kwa sura ya mba kuanzia balehe na kuendelea.

Katikati yake, kuanzia kama miaka mitatu hadi kumi na kidogo, kichwa cha mtoto kina mafuta machache. Mtoto wa umri huo akiwa na magamba kichwani, hasa yakiambatana na nywele kukatika, mzazi asikimbilie kusema ni mba. Mara nyingi ni jambo jingine, lenye dawa nyingine kabisa.

Mtoto mchanga: mafuta yaoshwe

Ukoko wa njano wa kichwani mwa mtoto mchanga huanza mara nyingi ndani ya miezi mitatu ya mwanzo. Unaweza kushuka hadi kwenye nyusi, nyuma ya masikio, kwenye mikunjo ya shingo na hata sehemu ya nepi. Sura yake inatisha, lakini mtoto mwenyewe ananyonya, anacheka na analala. Haumii, na kwa kawaida hajikuni. Kwa watoto wengi huisha wenyewe.

Bibi hakukosea kutaja mafuta, kwani yana kazi yake. Hulainisha ukoko ili utoke bila kuchubua. Tatizo ni kuyaacha kichwani kutwa nzima na kuongeza mengine juu yake.

Utaratibu salama ni huu. Mama apake mafuta kidogo kwenye ukoko, asubiri kama robo saa, kisha asugue taratibu kwa kitambaa laini au brashi laini ya mtoto. Baada ya hapo aoshe kichwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya mtoto isiyo kali mpaka mafuta yote yatoke, akikaushe. Arudie kila baada ya siku chache. Sehemu ya ukoko isiyotoka leo, aiache itoke siku nyingine.

Kuhusu aina ya mafuta, ya mimea kama zeituni au nazi yana kitu cha kuwalisha fangasi hawa yakiachwa kichwani. Mafuta ya mtoto yanayotokana na madini, na yale ya mgando, hawawezi kuyala. Hata hivyo nayo yakiachwa hushika vumbi na magamba, hivyo yaoshwe vilevile.

Sabuni ya mche ni ya nguo. Ni kali mno kwa ngozi ya mtoto. Kubandua ukoko kwa kucha ni kufungua mlango wa vidonda. Na kofia ya sufi, ambayo huko juu Shengena baridi inapokolea ni ya lazima, mtoto akifika tambarare ya Same mchana wa jua avuliwe, kichwa kipate hewa.

Shampuu za dawa asipewe mtoto mchanga bila kuelekezwa na mhudumu wa afya. Vivyo hivyo krimu za steroidi: ngozi ya mtoto ni nyembamba na hunyonya dawa hizo kuliko ngozi ya mtu mzima.

Zipo dalili zinazotaka mtoto apelekwe kituo cha afya mapema. Wekundu uliosambaa mwili mzima, ngozi inayotoa maji au usaha, homa, kuharisha kusikoisha, au uzito usiopanda kwenye kadi ya kliniki. Mtoto anayejikuna usiku kucha na mwenye vipele vikavu mashavuni na mikononi huenda ana pumu ya ngozi, ambayo matunzo yake ni tofauti.

Mtoto wa shule: huenda ni mapunye

Mtoto wa darasa la pili anarudi nyumbani na alama ya mviringo kichwani. Nywele zimekatikia karibu na ngozi, zimebaki vidotidoti vyeusi au vishina vya kijivu, na juu yake kuna unga. Nyumbani watasema mba. Shuleni wenzake watasema mapunye au mashilingi, na mara nyingi wenzake ndio wanaopatia.

Mapunye pia ni fangasi, ila ni wa ukoo mwingine. Malasezia hula mafuta yaliyo juu ya ngozi. Fangasi wa mapunye hula unywele wenyewe, wakiingia hadi kwenye shina lake. Tena huambukiza: kwa mashine ya kunyolea, wembe, kitana, kofia, mto wa kulalia, na wengine kwa paka na mbwa.

Hili si tatizo dogo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 uliowapima watoto 420 wa shule za msingi jijini Dar es Salaam ulikuta zaidi ya nusu wana tatizo fulani la ngozi, na miongoni mwa magonjwa ya kuambukiza, yale ya fangasi ndiyo yaliyoongoza.

Tofauti ya kuishi kwao ndiyo inayoamua dawa. Kwa kuwa fangasi wa mapunye wamejificha ndani ya unywele, krimu na marhamu peke yake haziwafikii. Mtoto anahitaji dawa ya kumeza. Iliyozoeleka ni griseofulvini, ambayo hupimwa kwa uzito wa mtoto na kumezwa kila siku kwa wiki sita hadi nane. Hufanya kazi vizuri ikimezwa pamoja na chakula chenye mafuta, kama maziwa au karanga.

Makosa mawili hufanyika hapa. La kwanza ni kuacha dawa baada ya wiki mbili kwa sababu unga umepungua. Fangasi walio ndani ya mashina ya nywele bado wako, na mapunye hurudi. La pili ni kupaka krimu za mchanganyiko zinazouzwa madukani kama dawa ya kila kitu. Nyingi zina steroidi. Steroidi huondoa wekundu na muwasho kwa siku chache, mzazi akadhani ameponya, kumbe fangasi wanaendelea kutanuka chini kwa chini.

Ipo pia hali moja inayotisha wazazi na kuwaponza. Mapunye wakati mwingine huvimba na kuwa nundu laini inayouma, yenye usaha na nywele zinazong'oka kwa urahisi, huku mitoki ikivimba shingoni. Inafanana na jipu, na wapo wanaoipasua kwa wembe. Isipasuliwe. Huo usaha ni hasira ya mwili dhidi ya fangasi, na tiba yake ni dawa ya kumeza. Ikicheleweshwa huacha kovu, na penye kovu nywele hazioti tena.

Mtoto akishaanza dawa, hakuna sababu ya kumfungia nyumbani. Aende shule. Ndugu zake wa nyumba moja watazamwe vichwa. Kitana, taulo na kofia visichangiwe.

Na kinyozi naye aulizwe. Wanafunzi wa shule nyingi, wa kike kwa wa kiume, hunyolewa fupi kila baada ya muda mfupi, mara nyingi wakiwa kwenye foleni na mashine ni moja. Mzazi ana haki ya kutaka mashine ifutwe nywele na kusafishwa kwa dawa ya kuulia vijidudu kabla haijagusa kichwa cha mwanawe. Familia inayoweza kununua mashine yake ndogo, au kumnyolea mtoto nyumbani kwa wembe mpya, inajipunguzia safari za hospitali.

Kijana na mtu mzima: mba hutunzwa

Tezi zikiamka wakati wa balehe, mba hubisha hodi. Unga mweupe, muwasho, pengine ngozi yenye mafuta pembeni mwa pua na kwenye nyusi. Mba ya kawaida haina wekundu mwingi. Ikizidi, ngozi ikawa nyekundu au ikabadilika rangi na magamba yakawa ya njano yenye mafuta, wataalamu huiita seboreiki dematitisi. Ni hali ileile iliyopanda ngazi.

Kwa ngozi nyeusi kuna jambo la kuangalia. Badala ya wekundu, mara nyingi huonekana mabaka yaliyofifia rangi kwenye paji la uso, usoni au nyuma ya masikio. Mzazi huhofia ni ukosefu wa vitamini au mwanzo wa ugonjwa wa mabaka meupe ya kudumu. Mara nyingi ni hali hii, na rangi hurudi taratibu ngozi ikitulia.

Utangotango, yaani yale madoa hafifu yanayojitokeza kifuani na mgongoni, nao huletwa na fangasi hawahawa.

Dawa ya mba ni kupunguza fangasi na kuondoa mafuta wanayokula. Famasi huuza shampuu zenye ketokonazoli asilimia 2, seleniamu salfaidi au zinki pirithioni. Namna ya kuitumia ina uzito sawa na dawa yenyewe. Povu lipakwe kwenye ngozi ya kichwa, liachwe dakika tatu hadi tano, ndipo lisuuzwe. Anayepaka na kusuuza papo hapo ametupa pesa yake.

Maelekezo ya kawaida ya shampuu ya ketokonazoli ni mara mbili kwa wiki, kwa wiki mbili hadi nne. Kwa nywele za kipilipili, ambazo hukauka na kukatika zikioshwa mno, mara moja kwa wiki mara nyingi hutosha, mradi ngozi ifikiwe. Baada ya unga kuisha, mtu aendelee mara moja kila wiki moja au mbili.

Hapa wengi hukata tamaa. Wameacha shampuu, mba imerudi, wanasema dawa ni feki. Fangasi hawa hawafukuzwi wakaenda zao. Watarudi kwa sababu hapo ndipo nyumbani kwao. Lengo ni kuwaweka wachache kiasi ambacho ngozi inaweza kuishi nao kwa amani.

Wenye kusuka wana mtihani wao. Nywele zilizosukwa kwa wiki sita bila kichwa kuoshwa, huku kila jioni mistari ya ngozi ikipakwa mafuta ili isionekane kavu, ni karamu kwa malasezia. Msichana mwenye mba apunguze muda wa kukaa na msuko, aoshe mistari ya ngozi kwa shampuu iliyochanganywa na maji, na mafuta ayapake kwenye nywele zenyewe. Msuko nao usivute hadi macho yakaenda juu, kwani nywele za pembeni zikivutwa kwa miaka hung'oka moja kwa moja.

Kuhusu tiba za mitaani: limao likipakwa kichwani kisha mtu akatembea juani, huunguza ngozi. Mafuta ya taa na petroli ni sumu, na karibu na jiko ni moto. Vidonge vya ketokonazoli navyo visimezwe kwa ajili ya mba; vinaweza kudhuru ini, na kwa sababu hiyo mwaka 2013 mamlaka za dawa za Ulaya na Marekani zilizuia au kubana matumizi yake.

Aibu isiyo na sababu

Same ni mji wa jua na vumbi, uliokaa upande wa kivuli cha mvua cha milima yake. Kwa miaka mingi watu wake walihesabu maji kwa ndoo, hadi mradi mkubwa wa maji wa Same, Mwanga na Korogwe, unaochukua maji bwawa la Nyumba ya Mungu, ulipozinduliwa Machi 2025. Katika mji kama huo, kumwambia mtu kwamba ana mba kwa sababu haogi ni kumchoma palipo na kidonda.

Mba haitokani na uchafu. Wapo wanaooga mara tatu kwa siku na wanayo. Kuosha kichwa husaidia kwa kuwa kunapunguza mafuta na magamba. Wala mba haiambukizi: mtoto hawezi kuipata kwa kulala na shangazi mwenye mba, kwa kuwa fangasi wake anao tayari. Uchovu, msongo wa mawazo na majira ya baridi, ile miezi ya Juni hadi Agosti, huweza kuizidisha.

Kuna minong'ono mingine inayofaa kusemwa waziwazi. Mtu akionekana na magamba usoni, majirani huanza kuhesabu vidole na kutaja Ukimwi. Mba ni jambo la kawaida sana, na kuwa nayo hakusemi chochote kuhusu virusi vya Ukimwi. Walio wengi wenye mba hawana virusi hivyo.

Ni kweli pia kwamba kinga ya mwili ikishuka, ngozi hushindwa kuelewana na fangasi hawa. Magamba yanayolipuka ghafla, yakasambaa usoni na kifuani, yakagoma kusikia dawa, ni sababu ya kutosha ya kupima, hasa kama kuna kupungua uzito, homa za mara kwa mara au vidonda vya mdomoni. Kipimo ni bure katika vituo vya serikali, na anayejua mapema huanza dawa mapema. Anayejificha kwa kuogopa maneno ya watu hupoteza muda ambao dawa zingemsaidia.

Pa kwenda

Safari ianzie zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Mzazi aende na taarifa tatu: magamba yalianza lini, nywele zinakatika au la, na kila kilichopakwa hadi sasa. Asifiche dawa aliyopewa na jirani. Tabibu anayejua kwamba steroidi ilipakwa atasoma ngozi kwa jicho tofauti.

Ikitatiza, ngazi inayofuata ni hospitali ya wilaya. Na kwa bahati, wakazi wa Same hawako mbali na wabobezi. Kilometa takribani 100 kwa barabara, huko Moshi, katika hospitali ya KCMC, kuna kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanza mwaka 1992. Matabibu kutoka nchi mbalimbali za Afrika huja hapo kusomea ngozi, kisha hurudi kuhudumia watu wao. Huko magamba na nywele chache za mtoto huweza kutazamwa kwa hadubini, na ubishi wa mba au mapunye ukaisha siku hiyohiyo.

Kwa mzazi ambaye leo jioni atamvua mtoto kofia na kukuta unga, maswali ya kuanzia ni machache. Ana umri gani? Nywele zimekatika? Kuna uvimbe au usaha? Mchanga mwenye ukoko na afya njema aoshwe taratibu na kupewa muda. Wa shule mwenye upara wa mviringo apelekwe akapate dawa ya kumeza. Kijana mwenye unga mabegani apewe shampuu na aelezwe kwamba si mchafu.

Na bibi aliyeshuka na tangawizi yake apewe heshima yake. Mkwe anaweza kumkabidhi chupa ya mafuta amlainishie mjukuu ukoko, wakati yeye anachemsha maji. Robo saa ikipita, wakioshe kichwa pamoja.